Istilahi za Matunzo ya Reli ya Urithi katika Majira ya Baridi

Hivi karibuni tuliletewa muswada wa tafsiri ili tuukague. Ulikuwa maelezo ya filamu fupi ihusuyo reli ndogo ya Talyllyn, iliyoko Wales, upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza, pamoja na watu wanaojitolea kuitunza kila majira ya baridi. Mfasiri ni mtu anayeijua kazi yake, na Kiswahili chake ni kizuri. Hata hivyo, katika ukurasa wa kwanza tu tulisoma kwamba watu hao walikuwa "wakiwaondoa walalao waliooza na kuwaweka wapya", kwamba kazi hiyo ilifanyika "wakati wa kipupwe", na kwamba baadaye "mzima moto" aliwasha moto. Msomaji asiyejua habari yenyewe angeweza kudhani kwamba anasimuliwa mambo ya makaburini.

Hatuyataji makosa haya ili kumcheka mwenzetu. Aliyekaa na kamusi mbili mezani na muswada unaotakiwa kesho asubuhi anajua jinsi makosa ya namna hii yanavyozaliwa. Tunayataja kwa sababu yote yana chanzo kimoja: mfasiri alilitazama neno la kigeni, hakuitazama kazi inayotajwa na neno hilo. Katika makala haya tutaieleza kazi yenyewe kwanza, kisha tutapendekeza istilahi za kuitaja. Tunaamini kwamba njia hii itawafaa wafasiri, walimu wa shule na vyuo vya ufundi, na pia watumishi wa serikali wanaoandika taarifa za reli, majengo na mitambo.

1. Reli yenyewe

Reli ya Talyllyn ilipata sheria yake ya Bunge mwaka 1865. Ilijengwa ili kuteremsha mawe ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys, yaliyo milimani, hadi mji wa Tywyn ulio pwani. Pamoja na mawe ilichukua abiria pia. Leo urefu wake ni karibu kilomita 12.

Reli za Uingereza zilipotaifishwa mwaka 1948, hii iliachwa nje. Machimbo yalikuwa yamekwisha kufungwa baada ya kuporomoka mwishoni mwa mwaka 1946. Mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, aliendelea kuiendesha kwa fedha zake mwenyewe mpaka alipofariki Julai 1950. Kufikia wakati huo njia ilikuwa imechakaa mno. Majani yalikuwa yamezifunika reli, na ilisemekana kwamba mizizi ya majani hayo ndiyo iliyozizuia zisiachane.

Oktoba 1950 kundi la wapenzi wa reli, mmoja wao akiwa mwandishi na mhandisi L. T. C. Rolt, lilikutana mjini Birmingham na kuamua kuanzisha chama cha kuihifadhi. Tarehe 14 Mei 1951 garimoshi la kwanza chini ya chama hicho liliondoka Tywyn. Ndipo Talyllyn ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na machimbo na vijiji vingine vya mawe hayo vya kaskazini-magharibi mwa Wales.

Tumeisimulia historia hii kwa sababu moja. Reli hii haikuokolewa na tajiri wala na serikali. Iliokolewa na watu waliorudi mwaka baada ya mwaka, wakafanya kazi ndogondogo zisizoonekana. Lugha isiyokuwa na maneno ya kuzitenga kazi hizo, moja na nyingine, haiwezi kumweleza msomaji jinsi reli hiyo ilivyosalimika.

2. Reli ya urithi

Tuliyakuta majina matano yakigombania nafasi moja: reli ya kale, reli ya kihistoria, reli ya makumbusho, reli ya kumbukumbu na reli ya urithi.

Kale hutupeleka mbali mno. Reli haijafikia umri wa mambo ya kale. Kihistoria haitofautishi, kwa maana Reli ya Kati ya Tanzania nayo ni ya kihistoria, na bado inachukua abiria na mizigo kama kawaida. Makumbusho ni mahali vitu vinapowekwa ili vitazamwe, kama ilivyo Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Reli tunayoizungumzia haikuwekwa itazamwe tu. Inatembea, inauza tikiti, ina ratiba. Kumbukumbu nayo huleta picha ya mnara na shada la maua.

Limebaki neno urithi. Wako wanaolipinga kwa hoja kwamba urithi ni mali ya marehemu inayogawiwa warithi. Hoja hiyo ina uzito, lakini Kiswahili kimekwisha kulipanua neno hili. Tunasema Urithi wa Dunia tunapoyataja magofu ya Kilwa Kisiwani, Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu, na hakuna anayeuliza mirathi imegawiwaje. Kwa hiyo tunapendekeza reli ya urithi, kwa maana ya reli ya zamani inayoendelea kuendeshwa kwa namna ya zamani, si kwa haja ya usafiri pekee bali ili ujuzi na vyombo vyake visipotee.

Tunawatahadharisha wafasiri wasiite reli kama hii kiberenge, ingawa neno hilo linavutia kwa udogo wake. Kiberenge ni kigari cha reli, hasa kile kinachotumiwa na wakaguzi na mafundi wa njia. Talyllyn inaweza kuwa na kiberenge, lakini yenyewe si kiberenge.

3. Majira ya baridi, si kipupwe

Vitabu kadhaa vya shule hutumia kipupwe kutaja majira ya baridi ya Ulaya. Kwetu pwani kipupwe ni ubaridi wa wakati wa kusi, takriban Juni hadi Agosti. Mwanafunzi wa Tanga au Malindi akisoma kwamba reli ya Talyllyn hufanyiwa kazi "wakati wa kipupwe", atahesabu Julai. Lakini Julai, huko Wales, ni wakati wa jua, na abiria ni wengi. Kazi tunayoizungumzia hufanyika hasa kati ya Novemba na Machi. Neno zuri, likiwekwa mahali pasipo pake, limeigeuza kalenda.

Hapa si jina la majira tu lililopotea, bali hata sababu ya kazi. Kazi hufanyika wakati huo kwa sababu treni nyingi zimesimama na njia inaweza kufunguliwa. Vichwa vya treni vimepoa, kwa hiyo fundi anaweza kuingia ndani na kuvikagua. Majani ya miti yamepukutika na ndege hawajajenga viota, kwa hiyo vichaka vya kando ya njia vinaweza kufyekwa bila kuharibu viota hivyo. Tena maji lazima yaondolewe katika mabomba yasiyotumika, kwani yakiganda hutanuka na kuyapasua. Wakati huo mchana ni mfupi, na katika sehemu hizo za pwani mvua ni nyingi kuliko theluji. Anayechimba mtaro hapo huchimba ndani ya maji baridi.

Tunapendekeza basi majira ya baridi kwa nchi za namna hiyo, na kipupwe kibaki kwa majira yetu wenyewe.

4. Matunzo, matengenezo, ukarabati, urejeshaji

Hii ndiyo sehemu tunayoiona kuwa nzito kuliko zote, na inamhusu hata yule asiyekusudia kuandika habari za reli maisha yake yote.

Katika barua na taarifa nyingi zinazotufikia, neno matengenezo hubeba mizigo minne kwa pamoja. Kutia mafuta bawaba ya mlango ni matengenezo. Kubadilisha bawaba iliyovunjika ni matengenezo. Kuutoa mlango wote na kuupiga randa upya ni matengenezo. Na kuuchonga mlango wa nakshi ili ufanane na ule wa miaka mia iliyopita ni matengenezo vilevile. Mwandishi anajua alikusudia lipi. Mhasibu anayesoma fungu la fedha hajui.

Tulimwendea mzee mmoja aliyestaafu, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi katika genge la reli. Tulimwuliza, "Mzee, kazi yenu ilikuwa kutengeneza njia?" Akajibu, "Hapana, wanangu. Sisi tulikuwa tunaitunza. Njia ikifika kutengenezwa, ujue genge limeshindwa."

Katika jibu hilo fupi mna tofauti tunayoitafuta. Tunapendekeza maneno manne, kila moja na mpaka wake.

Matunzo ni kazi ya kila mara, inayofanywa kabla kitu hakijaharibika ili kisiharibike. Kuzibua mitaro, kukaza nati na kutia grisi viungo ni matunzo.

Matengenezo ni kazi inayofanywa baada ya kitu kuharibika, ili kifanye kazi tena. Kubadilisha reli iliyopasuka ni matengenezo.

Ukarabati ni kazi kubwa ya kukifungua chombo au jengo, kuzikagua sehemu zake zote na kubadilisha zile zilizochoka. Kichwa cha treni kikivuliwa bwela lake na magurudumu yake, kinafanyiwa ukarabati.

Urejeshaji ni kukirudisha kitu katika hali yake ya zamani, hata kama hali mpya ingekuwa rahisi zaidi. Anayepaka behewa rangi iliyotumika zamani, badala ya rangi iliyo karibu dukani, anafanya urejeshaji.

Waliokuja Talyllyn mwaka 1951 walikuta kwamba matunzo yamekosekana kwa miaka mingi. Walilazimika kuanza na matengenezo na ukarabati. Waliowafuata wamefanya bidii ili majira ya baridi yawe ya matunzo zaidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lugha inayoita kuziba ufa na kujenga ukuta kwa jina moja inamnyima mkuu wa idara fursa ya kuona kwamba la kwanza ni rahisi kuliko la pili. Kwa sababu hiyo tunawaomba watumishi wa serikali waandike matunzo pale wanapokusudia matunzo, hasa katika makadirio ya fedha.

5. Maneno ya njia

Tuwarudie sasa wale "walalao". Waingereza huyaita kwa neno hilo magogo au vyuma vinavyolazwa kukingama chini ya reli. Kiswahili kina neno lake na wala halihitaji kubuniwa: taruma, wingi mataruma. Asili yake ni kwa mafundi wa vyombo vya baharini, ambao huita hivyo vipande vya mti vinavyokingama ndani ya chombo ili kukiimarisha. Reli zilipoanza kujengwa katika pwani yetu katika miaka ya 1890, watu waliona kitu kinachokingama na kushikilia, wakakipa jina walilokuwa nalo. Mzee wetu alipoonyeshwa picha alishangaa kwamba tunauliza: "Hilo si taruma? Mlidhani ni nini?" Hata magazeti yetu, yanaporipoti wizi wa vyuma vya reli, huandika mataruma. Mfasiri hakukosa neno. Alikosa mtu wa kumwuliza.

Kazi ya kubadilisha taruma huenda hivi. Kokoto zilizo kati ya taruma na taruma huondolewa kwa sururu na beleshi. Misumari ya reli hung'olewa. Taruma lililooza huvutwa kwa ubavu, nje ya njia. Jipya huingizwa kwa njia hiyohiyo. Reli huinuliwa kwa mtaimbo au jeki, taruma hubanwa kwenye reli, kisha kokoto hurudishwa. Lakini kokoto hazimwagwi tu. Lazima zisukumwe kwa nguvu chini ya taruma mpaka lisicheze treni inapopita. Mfasiri wetu aliandika "kujaza kokoto". Kitenzi sahihi ni kushindilia, neno lilelile la kushindilia udongo au baruti. Tofauti si ndogo: taruma lililojaziwa kokoto bila kushindiliwa hubonyea, na reli iliyo juu yake hubonyea pamoja nalo.

Vipande vya reli huunganishwa ncha kwa ncha kwa bamba mbili za chuma, moja kila upande, zilizofungwa kwa bolti. Kwa Kiingereza jina la bamba hiyo limetungwa kwa neno lenye maana ya samaki, na tumewahi kuona "sahani ya samaki" katika tafsiri moja. Tunapendekeza bamba la kuungia. Katika miezi ya baridi bamba hizi hufunguliwa, hukaguliwa zisiwe na ufa, hutiwa grisi na kufungwa tena, ili jua litakapozirefusha reli ncha zake ziweze kuteleza. Nafasi ndogo inayoachwa kati ya ncha mbili tunapendekeza iitwe mwanya wa kutanuka.

Maji ndiyo adui mkubwa wa njia. Mtaro ukiziba, maji hukaa chini ya kokoto, udongo hulainika na matope hupanda juu kila treni inapopita. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya majira ya baridi haigusi reli hata kidogo. Ni kuzibua mitaro, kusafisha kalvati na kufyeka vichaka. Maneno haya yote tunayo. Kinachotakiwa ni mfasiri asiyaonee haya kwa kuwa ni maneno ya vibarua.

Kuna istilahi moja inayotaka uangalifu. Njia yote kwa pamoja, yaani kokoto, mataruma na reli, Waingereza huiita kwa maneno ambayo tafsiri yake sisisi ni "njia ya kudumu". Zamani wajenzi walitandika kwanza njia ya muda ya kubebea vifaa vyao, kisha ndipo walipotandika ile ya kudumu; jina likabaki hata njia ya muda ilipokwisha kusahauliwa. Kwa Kiswahili "njia ya kudumu" humfanya msomaji atafute njia nyingine isiyodumu. Njia ya reli yatosha.

6. Geji

Umbali kati ya nyuso za ndani za reli mbili hutajwa kwa neno geji, ambalo limekwisha kutoholewa na linaeleweka kwa wafanyakazi wa reli. Geji ya Talyllyn ni milimita 686, ya Reli ya Kati ni 1,000, ya TAZARA ni 1,067, na ya reli mpya ya umeme ya Tanzania ni 1,435.

Umuhimu wa neno hili unaonekana katika kisa kimoja. Mwaka 1951 Talyllyn ilikuwa na vichwa viwili vya zamani, na kimoja tu ndicho kilichoweza kufanya kazi. Jirani yake, reli ya Corris, ilikuwa imefungwa mwaka 1948, na vichwa vyake viwili vilikuwa vimebaki. Chama kilivinunua kwa pauni 25 kila kimoja. Viliifaa Talyllyn kwa kuwa reli hizo mbili zilikuwa na geji moja, tena geji isiyokuwa ya kawaida. Laiti geji zingetofautiana kwa upana wa kidole, vichwa hivyo visingekaa juu ya reli zake. Mfasiri akiandika kwamba vilikuwa "vya ukubwa uleule", kisa chote kimepotea.

Hapa tunaona pia upungufu wa majina yanayotumika kwetu. Reli ya geji ya milimita 1,435 huitwa reli ya kisasa, au reli ya kiwango cha kimataifa. La kwanza halitadumu. Talyllyn nayo ilikuwa ya kisasa mwaka 1865. La pili humfanya msomaji adhani kwamba reli ya mita moja haina kiwango. Tunapendekeza geji sanifu, ili jina litaje kipimo na lisitaje sifa.

7. Maneno ya kichwa cha mvuke

Garimoshi ni neno ambalo wengi wanadhani limechakaa. Kwa maoni yetu sasa ndiyo limepata kazi yake halisi. Treni ni jina la jumla. Garimoshi ni treni inayovutwa kwa mvuke na kutoa moshi. Tangu treni za umeme zianze kuchukua abiria nchini Tanzania mwaka 2024, si sawa tena kuziita zote magarimoshi. Kinachovuta mabehewa tunapendekeza kiitwe kichwa cha treni, kama wananchi wasemavyo.

Chombo kinachochemsha maji ndani ya kichwa cha mvuke ni bwela. Moto huwaka katika chumba chake, hewa ya moto hupita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, na moshi hutokea kwenye dohani. Maji yakichemka kwa muda mrefu huacha tabaka gumu la chokaa. Tulitafuta neno la tabaka hilo katika vitabu vya ufundi, tukalipata jikoni: ukoko. Kama ukoko wa wali unavyoshika chini ya sufuria, ndivyo ukoko wa chokaa unavyoshika ndani ya bwela, ukazuia joto lisiyafikie maji. Chuma kilichofunikwa na ukoko hupata joto kupita kiasi na kudhoofika. Katika majira ya baridi bwela hufunguliwa vizibo vyake na kuoshwa kwa maji ya nguvu. Masizi huondolewa katika mabomba. Kisha mkaguzi hulitazama likiwa baridi, na baadaye tena likiwa na mvuke. Bila idhini ya mkaguzi, kichwa hakiruhusiwi kuvuta abiria.

Ametajwa hapo juu "mzima moto" aliyewasha moto. Huyo ni msaidizi wa dereva anayetia makaa ya mawe katika chumba cha moto, na kazi yake ni kinyume kabisa cha kuzima. Mfasiri mwingine alimwita mchochezi. Nalo hilo halifai, kwa maana mchochezi kwa matumizi ya leo ni mtu anayetafutwa na polisi. Tunapendekeza mchochea moto.

8. Maneno ya watu

Limebaki neno lililotushughulisha kuliko mengine. Tumwiteje mtu huyu, ambaye labda ni mwalimu au mhasibu, anayelipa ada ya chama, anayesafiri kwa nauli yake mwisho wa juma, na kushinda mvuani akishindilia kokoto?

Si kibarua, kwa kuwa kibarua hulipwa. Si mtu wa msaragambo, kwa kuwa msaragambo, kama unavyojulikana Upareni na Tanga, ni kazi ya wanakijiji wote, na asiyefika huulizwa. Si mfanyakazi wa bure. Neno bure huishusha kazi kana kwamba haina thamani. Tena, katika ofisi zetu, kusema kwamba fulani "anajitolea" mara nyingi ni kusema kwamba kijana aliyehitimu anafanya kazi bila mshahara huku akingoja nafasi. Hatumlaumu kijana huyo. Lakini anayengoja ajira na anayekuja kwa mapenzi ya kazi hawako katika hali moja, na msomaji anastahili kuambiwa yupi anayezungumziwa.

Tunapendekeza mjitoleaji, wingi wajitoleaji. Kiambishi cha mwisho -aji huonyesha mazoea, kama katika mwimbaji na mchezaji. Mjitoleaji si aliyejitolea siku moja. Ni anayejitolea kwa desturi. Yule kijana wa ofisini tunashauri aitwe mfanyakazi asiye na mshahara, ingawa tunajua kwamba wakubwa wengine hawatalipenda jina hilo.

Mjitoleaji hafanyi apendavyo. Hupata mafunzo, hupimwa kama anaiweza kazi, na huwa chini ya amri ya aliyepewa madaraka siku hiyo. Pamoja naye wako wafanyakazi wachache wa kulipwa. Kikundi cha njia tunapendekeza kiendelee kuitwa genge la njia. Ikiandikwa kwa ukamilifu hivyo, hakuna atakayedhani ni genge la wezi wala genge la mboga. Anayeliongoza asiitwe mnyapara. Neno hilo bado lina mlio wa kiboko. Aitwe kiongozi wa genge.

9. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

bamba la kuungia: kipande cha chuma kinachofunga ncha mbili za reli
bwela: chombo cha kuchemshia maji ili kupata mvuke
garimoshi: treni inayovutwa kwa nguvu ya mvuke
geji: umbali kati ya nyuso za ndani za reli mbili
geji sanifu: geji ya milimita 1,435
genge la njia: kikundi kinachotunza njia ya reli
kushindilia: kusukuma kokoto kwa nguvu chini ya taruma
matengenezo: kazi ya kukifanya kitu kilichoharibika kifanye kazi tena
matunzo: kazi ya mara kwa mara ya kuzuia uharibifu
mchochea moto: msaidizi wa dereva anayetunza moto wa bwela
mjitoleaji: mtu anayefanya kazi kwa hiari, kwa desturi, bila kutazamia mshahara
mwanya wa kutanuka: nafasi inayoachwa kati ya ncha mbili za reli
njia ya reli: kokoto, mataruma na reli kwa pamoja
reli ya urithi: reli ya zamani inayoendeshwa ili ujuzi na vyombo vyake vihifadhiwe
taruma: gogo au chuma kinachokingama chini ya reli
ukarabati: kazi kubwa ya kufungua, kukagua na kubadilisha sehemu zilizochoka
ukoko: tabaka gumu la chokaa ndani ya bwela
urejeshaji: kukirudisha kitu katika hali yake ya zamani

10. Hitimisho

Pengine wako watakaouliza: sisi na reli ndogo ya Wales, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba katika istilahi kumi na nane tulizoziorodhesha, nyingi hazikubuniwa mezani kwetu. Tulizipata kwa mafundi wa vyombo vya baharini, kwa wapishi, na kwa mzee aliyewahi kushika mtaimbo. Reli mpya zina mataruma ya zege na reli zilizochomelewa. Vijana wa kesho hawatakuwa na sababu ya kujua bamba la kuungia ni nini, wala jinsi ya kushindilia kokoto kwa mkono. Waliozijua kazi hizo kwa Kiswahili wanazeeka, na hatuna chama cha kuja mwisho wa juma kuyatunza maneno yao.

Istilahi hizi ni mapendekezo tu, hazijasanifiwa. Tunawaomba wasomaji, na hasa walio karibu na wastaafu wa reli Tabora, Tanga, Voi, Nairobi na kwingineko, wawaulize wazee hao majina ya vyombo na kazi zao, kisha watuandikie. Tungependa sana kupata neno la bamba la kuungia lililotumiwa na magenge yenyewe. Likipatikana, letu tutaliondoa bila manung'uniko.